Safu ya Kutoka

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhifadhi Mkuu hakunionyesha mnyama wala ua. Alinikalisha kwenye kibanda cha lango, akafungua kitabu cha wageni, akagonga ukurasa kwa kidole.

"Safu hii ya kuingia, hii ya kutoka. Mgeni akipita anasaini, akirudi anasaini. Safu zisipolingana hufungi lango, hata mvua ya mawe inyeshe. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mzee," nikasema. Nilikuwa mkulima wa mpunga kutoka Ikolo, hata saini yangu mwenyewe nilikuwa bado naibuni.

Hifadhi yetu iko juu milimani. Siku ya jua unaliona ziwa mpaka bandarini Itungi. Siku ya ukungu huoni hata kiatu chako. Ndiyo maana waongoza wageni walikuwa na desturi yao: kwenye ukungu kiongozi hatangulii, anakaa nyuma kabisa, asiachwe mtu. Kila baada ya hatua kadhaa anaita, "Nipo nyuma yenu." Siku hizi ninyi vijana mna simu za kuwaonyesha njia, haya, hongereni, lakini simu haimpi mtu pole akijikwaa.

Aliyeijua kazi hiyo kuliko wote alikuwa rafiki yangu Ambakisye, mtu wa Mwaya. Mtani huyo! Mimi aliniita mlinzi wa karatasi.

Siku moja aliwapandisha akina mama wawili, ndugu, wenye duka la vitambaa Kyela mjini. Mchana ukungu ukapanda. Saa kumi wakashuka peke yao.

"Kiongozi wenu yuko wapi?"

"Mdogo wangu kaangusha mtandio," mkubwa akajibu. "Ametuambia tushuke tu, lango liko karibu, yeye anaufuata."

Wakasaini. Nikatazama ukurasa: wawili wameingia, wawili wametoka. Sisi watumishi hatukuwa tukiandikwa. Gari la mwisho la kushuka lilikuwa linapiga honi, na mimi nilikuwa na njaa. Nikajisemea, Ambakisye ni mwenyeji, atapita popote. Nikafunga kufuli, nikaenda zangu nyumbani kula.

Tulimpata siku ya tatu chini ya genge la mwamba, mguu umevunjika. Alikuwa ameufunga mwenyewe kwa ule mtandio, fundo safi kabisa. Maana yake hakufa palepale. Alikaa akasubiri tuje.

Mhifadhi Mkuu akaniita ofisini. "Safu zililingana?"

"Zililingana, Mzee."

"Basi huna kosa."

Jamani, heri angenifukuza kazi.

Nikahamishiwa kambi ya juu, miaka ikapita, kisha nikaletwa ofisi ya utalii kusoma kitabu cha maoni, kile wageni wanamoandika walivyohudumiwa. Mengi ni yale yale: vyoo vichafu, chai ya baridi, mzee wa mapokezi ananuna. Huyo ni mimi. Halafu nikaanza kukuta mengine. "Tunamshukuru mtumishi aliyetembea nyuma yetu kwenye ukungu. Uso hatukuuona." Wageni tofauti, miandiko tofauti, watu wasiojuana kabisa. Mmoja akaandika, "Mwambieni yule kaka wa nyuma apumzike, anachechemea." Kalamu ilinidondoka.

Mhifadhi Utalii, binti mchapakazi kwelikweli, akaja mezani kwangu. "Mzee, huyu anayesifiwa kila masika ni nani? Nataka tumpe cheti."

"Hayupo kwenye orodha, mama."

"Sasa si umwandike?"

Alisema hivyo akaenda zake. Mimi sikulala vizuri tena.

Siku ya kustaafu nilikataa sherehe. Nilisaini langoni kama mgeni, nikapanda peke yangu. Ukungu ulinikuta pale gengeni. Nikasema kwa sauti, "Ambakisye, wale akina mama waliniambia bado uko juu. Nilijua, nikafunga lango. Nisamehe, ndugu yangu."

Nikalia, nikageuka kushuka. Sijafika mbali nikasikia hatua nyuma yangu, moja nzito, moja inaburuta. Sikugeuka, maana niliogopa nisimkute.

Langoni nikasaini kutoka. Chini ya jina langu nikaandika: Ambakisye.

Karani akashangaa. "Mzee, safu hazilingani. Huyu hakuingia."

"Aliingia," nikamwambia. "Wewe ulikuwa hujaajiriwa bado."

Nasikia siku hizi kitabu cha maoni kina vyoo na chai tu. Ninyi mlio kazini, andikeni na majina yenu kwenye kile kitabu cha lango. Mtumishi naye ana kwao, naye anasubiriwa chakula.

Mimi nipo Ikolo na kakao zangu. Asubuhi nyingine ukungu ukitoka ziwani, nikipita shambani nasikia hatua, moja nzito, moja inaburuta. Mke wangu huuliza naongea na nani. Nikisimama, nazo zinasimama.

"Ndaga, asante, Ambakisye," namwambia. "Nipo mbele yako. Twende."