Hadi Kwenye Mninga Ule

Kalunde mwanangu, kuna asubuhi moja ya masika haijanitoka kichwani. Umekuja kuniuliza habari ya yule mtu wa mjini anayetaka kukodi shamba la baba yako. Kaa kwanza nikusimulie, chai ipo. Wakati ule ulikuwa mdogo, nami sikuwa na mvi hizi.

Unajua mimi na baba yako Maganga tunapakana hapa Usinge, upande wa msitu wa hifadhi. Mwaka ule tulikuwa hatusemeshani. Yeye alidai shamba lake linafika kwenye mti wa mninga, mimi nikadai linaishia hatua kumi kabla. Hatua kumi tu, mwanangu. Hata kanisani tuliacha kusalimiana.

Basi baba yako akampa mgeni mmoja kile kipande cha mwisho alime. Hawakuandikishana, wala hakumpeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nadhani alimweka pale makusudi, ili pale mahali paonekane panalimwa na mimi nikose la kusema. Mgeni akapanda mahindi pembeni. Yalipofika kifuani, siku moja nikachungulia katikati, nikaona majani ambayo si ya mahindi wala ya tumbaku. Bangi naijua. Nikarudi nyumbani nikanyamaza. Na nikuambie ukweli, nilifurahi kidogo. Nilijisemea, shauri yake.

Baba yako naye aliiona, nilikuja kusikia baadaye. Akamwambia mgeni avune upesi aondoke, kisha akanyamaza kama mimi. Aliogopa kwamba akienda kutoa taarifa, ofisini watamuuliza na habari ya mpaka.

Asubuhi ile ya masika ndipo wakaja polisi pamoja na mtendaji wa kijiji. Mgeni alikwisha kutoroka, na mpaka leo hajaonekana. Tukaitwa sisi wawili, tukasimama pale kwenye zile hatua kumi, bangi iko mbele yetu.

Askari akauliza taratibu, "Wazee wangu, hapa ni pa nani?"

Baba yako hakumtazama askari, alinitazama mimi. Sidhani hata aliifikiria ile bangi, maana mwaka mzima alikuwa akiliwazia jibu hilo. Akasema, "Pangu. Hadi kwenye mninga ule."

"Una hakika?"

"Muulize huyu."

Nikaulizwa. Mwaka mzima nilikuwa nimekataa, mbele ya wazee wa kijiji na mbele ya mchungaji. Siku hiyo nikasema, "Ni kweli. Ni pake."

Wakamfunga pingu.

Mahakamani alieleza kwamba hakupanda yeye. Akaulizwa kama alijua, naye baba yako hajui kusema uongo, akajibu alijua. Mimi niliitwa shahidi nikasema niliyoyaona, ila yale yaliyonihusu mimi nikayaacha. Ndipo nilipoelewa kwamba sheria haimtafuti aliyeshika jembe peke yake. Mwenye shamba akijua, akaacha mmea uendelee kukua kwake, naye ana kosa. Wakili aliomba apunguziwe adhabu, kwamba ni mkulima, ana watoto, hajawahi kushtakiwa. Mahakama ilisikiliza yote, kisha ikasema kiwango cha chini kimewekwa na sheria. Miaka thelathini.

Nilikwenda kumwona gerezani. Alinipokea vizuri, akauliza hali zenu, akauliza mvua. Nilipoaga akasema, "Sasa umekubali mpaka."

Zile hatua kumi sijazilima, mwanangu. Ni za baba yako. Zimeota nyasi tu.

Sasa huyo mtu wako. Kama hataki kwenda nawe ofisi ya kijiji kuandikishana, na kusema mbele ya watu atapanda nini, usimpe hata tuta moja. Akikubali, usikae nyumbani ukangoja mavuno, nenda shambani ukaangalie mwenyewe mara kwa mara. Na siku ukiona usichokielewa, toa taarifa siku hiyohiyo, hata kama ni kwa mtu mliyenuniana naye. Ukiona kwangu, nitaje. Nitaudhika, lakini nitaje. Mimi nilinyamaza, na wewe umekua bila baba.

Mungu akulinde, Kalunde. Akupe mavuno unayoweza kumwonyesha mtu yeyote mchana kweupe. Na ampe baba yako uzima, siku atakayotoka akukute hapa, umpeleke kwenye mninga wake.