Betri ya Mashimba

Enzi zetu kule Zagayu, gari halikuwashwa kwa ufunguo. Liliwashwa na watoto. Ninyi mliozaliwa juzi mtaona natania, lakini wenzangu mliokula michembe, vile viazi vikavu, asubuhi kabla ya kwenda kuchuma pamba mnanielewa. Gari lilikuwa moja tu, landrova ya kijani ya Mashimba, na sisi wa kulisukuma tulikuwa hata hatuhesabiki. Michezo mingine ilikuwepo. Tulikuwa na mpira wa matambara, tulikuwa na kuruka kamba, tulikuwa na kujirusha kwenye marundo ya pamba mpaka mtu anapiga chafya na kamasi linatoka na nyuzi. Lakini mtu akisikia Mashimba anapiga kelele, "Watoto!", vyote viliachwa hapohapo. Tulikimbia miguu peku, tukapanga mabega nyuma ya gari, moja, mbili, tatu, gari likaanza kuteremka kwenye kimteremko cha kichuguu alipolilaza, likakohoa, likakohoa tena, likawaka. Aliyekuwa karibu na bomba la moshi alirudi nyumbani uso mweusi na hakunawa mpaka jioni. Ule moshi ulikuwa cheo.

Huyo Mashimba nimweleze kidogo. Zamani pamba yetu yote ilinunuliwa na chama cha ushirika. Ghala moja, mizani moja, karani mmoja ambaye mchana alilala juu ya magunia na ulimwamsha kwa adabu. Halafu ikasemwa redioni kwamba biashara sasa ni huria. Sisi watoto hatukujua huria ni kitu gani. Tulichokiona ni kwamba karani aliondoka, popo wakahamia ghalani, na Mashimba aliyekuwa anazungusha chumvi kwa baiskeli akawa mnunuzi wa pamba. Alifunga spika juu ya gari, injini ikaachwa inanguruma kutwa nzima ili muziki usikatike, na wakulima wakampelekea pamba kwa sababu ya ule muziki. Mizani yake ilipenda kupunguza. Na pamba yetu sisi ilipenda kumwagiwa maji kidogo kabla ya kupimwa. Kwa hiyo tulikuwa huria pande zote mbili, na tuliamkiana vizuri tu.

Miaka hiyo betri za magari zilianza kupotea. Bariadi mjini kulikuwa na vibanda vya video, na mtu mwenye redio kubwa alitaka betri, na betri iko wapi kama siyo kwenye gari la mwenzako? Mashimba alikuwa amenunua betri mpya Mwanza, kubwa, nzito, watu walikwenda kuiangalia kama wanavyokwenda kumwona mzazi. Kwenye landrova ile betri ilikaa chini ya kiti cha abiria. Mashimba akakosa usingizi. Mwisho akapeleka gari Bariadi kwa fundi wa kuchomelea, Malimi, akaliacha huko siku mbili. Liliporudi, betri ilikuwa imefunikwa kwa bamba la chuma, limechomelewa pande zote. Bawaba hamna, kufuli hamna.

"Kufuli si linavunjwa?" Mashimba alituambia, anapigapiga lile bamba kwa kiganja. "Hii labda mwizi abebe gari zima."

Juu ya bamba Malimi alikuwa ameacha tundu moja, saizi ya mdomo wa birika, kwa ajili ya kuongezea maji ya betri. Basi kila Jumamosi Mashimba aliinua kiti, akachukua birika la chai la mkewe lililojaa maji ya mvua, akamimina. Watu tulisimama kutazama. Maji yaliingia, yakaingia, hayakujaa.

"Mnaona?" alisema. "Inakunywa kama ndama."

Chini ya gari ardhi ilikuwa imelowa na kuku walikuwa wanakunywa. Hakuna aliyewatazama kuku.

Na tangu gari liliporudi kutoka kwa Malimi, halikuwahi kuwaka kwa ufunguo hata siku moja. Ndiyo maana sisi tulipata kazi.

Mtu mwingine angelitilia mashaka lile bamba. Mashimba alilipenda mno. Akabeba mbuzi akaenda kwa mganga wa kijiji cha Mwamapalala, na mganga akatazama mambo yake akasema gari limefungwa kwa uchawi na mwanamke jirani, ambaye mlango wake unalitazama gari linapolala. Mlango uliotazama kichuguu cha gari ulikuwa mmoja. Wa kwetu.

Mama yangu alikuwa mjane. Baba alifariki nikiwa bado nanyonya. Mama alikuwa mrefu, wa maneno machache, na macho mekundu kwa kupikia kinyesi cha ng'ombe, maana kuni kwetu ni shida. Wenzangu wa huko mnajua mjane mwenye macho mekundu anavyosemwa kuwa mchawi. Kabla ya hapo, kisimani wanawake walimwamkia vizuri, "Ng'wangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, na habari za ng'ombe na watoto zote ziliulizwa. Baada ya mbuzi wa Mashimba, waliamkia ndoo zao. Mama wa rafiki yangu Kabula akamkataza kuja kwetu. Na kwetu mwanamke akishasemwa hivyo haishii kwenye kusemwa. Mama akaanza kulala na shoka chini ya kitanda. Nilipomuuliza la nini, alisema, "Watachoka. Chambua pamba, weka fifi, ile chafu, pembeni."

Mimi nilikuwa na akili yangu ya mtoto wa darasa la tatu. Niliona gari likiwaka upesi watamwacha mama. Kwa hiyo wenzangu walisukuma kwa mchezo, mimi nilisukuma kwa dhati. Bega langu la kulia lilikuwa na sugu. Usiku niliomba Mungu wa kanisani, na kwa tahadhari niliwaomba na mababu, wote kwa jambo moja: gari la Mashimba.

Mwaka huo mvua ilinyesha wakati wa kuchuma, mvua isiyo na heshima, na udongo wa mbuga ukawa kama ugali mbichi. Asubuhi moja nikiwa kwenye mstari wa mwisho wa shamba, kitu kilinipiga mguu wa kushoto. Nilidhani mwiba. Nilipotazama nikamwona nyoka, kifutu mnene, anarudi zake kwenye majani bila haraka, kama mtu aliyemaliza kazi.

Mama alinibeba mgongoni mpaka lilipokuwa gari. Mashimba, nimsifu hapa, hakuwa na roho mbaya. Alisema, "Mlete, mlete ndani!" akakimbilia usukani, akazungusha ufunguo. Kikalia kitu kimoja, tik. Basi. Wakaitwa watoto kutoka shuleni, wakaja na wanaume. Wakasukuma. Magurudumu yalikuwa yamezama kwenye tope, gari halikusogea hata urefu wa mkono. Mguu wangu ulikuwa umeshakuwa kama wa mtu mzima.

Mwalimu Paulo alikuwa na betri ya gari aliyotumia kwa televisheni yake ndogo nyeusi na nyeupe. Akaenda kuileta kwa baiskeli, ameifunga kwa mpira. Akafika anahema.

"Unganisheni hii."

"Wapi?" mtu akauliza.

Wote wakatazama bamba.

"Vunja," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, hii imechomelewa Bariadi," Mashimba akajibu, amelikalia. "Siyo kitu cha kuvunjwavunjwa. Tusukume tena kidogo, itashika."

"Mashimba, mtoto anavimba."

"Si naona! Nimesema tusukume."

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya watu, sauti ninayoijua mpaka leo, ya mama yake Kabula: "Mwambieni aliyelifunga alifungue. Si mtoto wake?"

Kuna waliocheka. Mama hakugeuka. Alinilaza juu ya magunia ya pamba, akaenda nyumbani, akarudi na shoka. Watu walimpisha kama anapita ng'ombe mkali. Wengine walidhani wanajua anamwendea nani.

"Mayu, ukivunja hii utanilipa," Mashimba akasema.

"Nitakulipa. Toka hapo."

Alitoka. Mama akapiga. Kazi ya Malimi ilikuwa imara, hilo sitamnyima, kaifanya kwa moyo wote. Shoka likapinda, ikaletwa nyundo kubwa, wanaume wakapokezana, cheche zikaruka, na kila wakipumzika nilisikia uvimbe unapanda kama maji kisimani. Wangeweza kupika maharage yakaiva. Mwishowe upande mmoja ukaachia, wakalipinda bamba kama mfuniko wa kopo.

Ndani hamkuwa na betri ya Mwanza. Mlikuwa na kibetri kidogo, kikuukuu, kimepasuka ubavu, kimefungwa kwa mipira ya matairi na kukazwa kwa nusu tofali ili kisigongegonge. Tofali ndilo lililokuwa chini ya tundu. Lilikuwa safi, limeoshwa na maji ya birika msimu mzima.

Mwalimu Paulo akainama, akaligusa lile tofali.

"Mashimba," alisema, "umekuwa unamwagilia tofali."

Wakaunganisha betri ya Mwalimu. Mashimba akagusa ufunguo, gari likawaka papo hapo, bila mtoto hata mmoja. Watu wakalisukuma mpaka likatoka kwenye tope, tukaenda Bariadi, mimi kwenye mapaja ya mama, yeye ameketi juu ya ile betri isiyo na mfuniko. Hospitali waliokoa roho yangu na kisigino changu. Vidole vitatu havikupona. Daktari alisema tungefika mapema kidogo vingebaki. Kidogo kiasi gani hakusema, lakini mimi nakijua. Ni urefu wa kuvunja bamba la Malimi.

Sasa wahusika niwataje, maana wakati ule hakuna aliyetajwa. Malimi aliiba betri ya Mwanza kwa kuichomelea bamba ile asiyoiiba. Kibanda cha video nyuma ya karakana yake kilikuwa na picha safi kuliko vyote Bariadi. Mashimba alipenda bamba kuliko kutazama chini ya gari lake. Mganga alipoulizwa alijibu, "Nilisema jirani. Kwani Bariadi ni mbali?" na mbuzi hakurudi. Wanawake wa kisimani walianza tena kumwamkia mama, bila kutaja yaliyopita, kana kwamba salamu ilikuwa imesafiri kwenda Nyashimo ikachelewa usafiri. Mashimba alileta sukari akasema, "Mayu, yameisha." Mama aliipokea. Nilikasirika, akaniambia sukari haijamkosea mtu, nichemshe uji. Shoka hakulitoa chini ya kitanda mpaka nilipoolewa.

Na mimi nijitaje. Nilisukuma msimu mzima bila kuuliza kilichomo.

Shule niliishia darasa la nne, njia ilikuwa ndefu kwa mguu ule. Wanangu wamesoma kunizidi. Wana simu ambazo betri zake nazo zimefungiwa humo humo, hazitoki, ikifa wanakaa wameduwaa kama wamefiwa. Nikiwaambia habari ya bamba wanacheka, wanasema watu wa zamani mlikuwa wajinga. Nawaambia ndiyo, lakini tulikuwa wengi.

Mwezi uliopita nilikwenda Bariadi kununua betri ya sola. Duka kubwa la betri pale, bango lote jekundu, nani yuko kaunta? Malimi. Mzee sasa, miwani, tumbo, heshima. Akaniwekea betri mbele yangu.

"Hii haifunguliwi, mama. Imezibwa kiwandani. Wala haitaki maji."

"Washa taa nayo kwanza."

"Huniamini?"

"Washa."

Akawasha, taa ikawaka. Akanitazama ninavyosimama, akaona na vidole vilivyokosekana kwenye kandambili, akainama kwa huruma ya kweli kabisa. "Pole. Mguu ulipatwa na nini?"

"Betri," nikasema.

Akacheka sana. Alidhani nimemtania, akanipunguzia bei.

Nilipotoka nje, pikapu ya mtu ilikuwa imezimika katikati ya barabara, dereva anahangaika peke yake, mkono mmoja usukanini, bega mlangoni. Vijana wanne wamesimama, simu zimeinuliwa juu, wanapiga video. Nikaweka mzigo wangu chini, nikaenda nyuma, nikaegemeza bega. Mguu wa kushoto haushiki ardhi vizuri, lakini bega lilikumbuka lenyewe. Nikapaza sauti, "Watoto!" Nikategea sikio nisikie miguu peku inakimbia kuja.

Kijana mmoja akajibu. "Bibi," alisema, "sogea kidogo, unaziba."