Sauti ya Nambari Kumi na Saba

Kabla hujaniambia kwamba ni baridi iliyonichezea akili, jua kwamba sikuisikia ile sauti peke yangu. Watoto kumi na sita waliisikia. Askari wa getini aliisikia. Na ilikuwa saa tisa mchana, Jumamosi, mimi nina macho makavu na tumbo lenye chapati mbili. Kwa hiyo cheka ukipenda, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni kiongozi wa skauti. Kikosi chetu hukutana kwenye ukumbi mmoja wa zamani kule Woodley, na nakwambia, kuongoza skauti Nairobi hii ni kazi ya watu wenye vichwa vigumu. Mzazi mmoja atakupigia simu akuulize kama unamfundisha mwanawe kuwa polisi. Mwingine anataka mtoto atolewe saa nne kamili aende tuisheni, hata kama mko katikati ya kupika ugali juu ya mawe. Wasaidizi nao huja kwa moto, wanapiga picha na skafu shingoni, wakipata kazi Upper Hill huwaoni tena. Lakini basi siku moja mtoto ambaye Januari hakujua kufunga kamba za viatu anakufungia kiti chako kwa fundo ambalo wewe mwenyewe unashindwa kulifungua. Utaacha kazi hiyo kweli? Mimi siwezi. Naipenda kama ugonjwa.

Mtoto huyo wa fundo anaitwa Njoki. Ana miaka tisa, anaishi mtaa wa Satellite na nyanya yake, ambaye sote tunamwita Cucu, kama Wakikuyu wanavyowaita nyanya zao. Njoki hana mwingine, na Cucu hana mwingine. Nilipoomba ruhusa ya kumpeleka matembezi ya msitu wa Ngong Road, Cucu alikataa mara tatu. Mara ya nne akasema, "Mimi niko na huyu tu. Unamchukua na miguu yake, unamrudisha na miguu yake." Nikampa neno langu.

Sasa sikia kosa langu. Sheria yetu ni kwamba watoto hawaendi msituni bila watu wazima wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma kabisa. Asubuhi ya siku ile msaidizi wangu, Brayo, akanitumia ujumbe: "Tichaa, leo siwezi, nimeitwa job." Nilipaswa kuahirisha. Lakini ungewaona wale watoto! Sare zimepigwa pasi, mifuko imejaa mayai ya kuchemsha, macho yanang'aa kama wanaenda mbinguni. Nikajiambia, ni msitu wa hapa hapa mjini, kuna nini? Nikaenda nao peke yangu.

Pengo la mtu wa nyuma nikaliziba kwa hesabu. Kila mtoto ana nambari yake, na Njoki, aliyekuwa mgeni kuliko wote, alikuwa kumi na saba. Mimi mbele napaaza sauti, "Hesabu!" Nyuma yangu zinakuja: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na saba, nami najua mkia wangu uko. Tulihesabu kila baada ya dakika kumi asubuhi nzima. Tukapanga mishale ya mawe njiani, tukafunga mafundo, tukala. Siku ilikuwa tamu, siwezi kukudanganya. Nilijiona kiongozi bora kuliko wote nchini.

Baada ya chakula mvua ikaanza, na kwa ukungu wake ukawa humwoni mtu wa hatua kumi. Nikageuza msafara. Njia ni nyembamba, tunakwenda mmoja mmoja, kofia za makoti zimefunika masikio. "Hesabu!" Zikaja zote. Ya mwisho ni ya Njoki, kile kisauti chembamba chenye kuvuta kidogo mwishoni: "Kumi na sabaa!" Nikahesabu mara ya pili, mara ya tatu. Zilitimia. Sikugeuza kichwa hata mara moja, maana masikio yalishaniambia kila kitu.

Tukafika getini. Nikawapanga mstari, nami safari hii nikasimama nikiwatazama. "Hesabu!" Zikaenda vizuri mpaka kumi na sita, ambaye ni Otieno, mvulana mkubwa mwenye pengo la meno. Baada ya Otieno hakukuwa na mtu. Kulikuwa na ua wa waya na mvua. Na kutoka pale pale kando yake, kwenye kimo cha mtoto wa miaka tisa, sauti ya Njoki ikasema, "Kumi na sabaa!"

Amini usiamini. Otieno aligeuza shingo polepole, akatazama pale pasipo na mtu, kisha akanisogelea mpaka akanikanyaga kiatu.

Askari wa geti alikuwa dada mmoja anayeitwa Chebet. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake. "Madam," akasema kwa sauti ya chini, "nani ameongea hapo?"

Njoki alikuwa kwenye ule msitu, na sikujua tangu saa ngapi. Akilini nilimwona Cucu ameketi mlangoni kwake Satellite akitazama barabara. Nikataka kukimbia, lakini ningewaacha hawa kumi na sita na nani? Hapo ndipo nilipoielewa sheria ya watu wawili kwa mifupa yangu.

Chebet akaielewa shida yangu bila kuambiwa. Akawasukuma watoto ndani ya kibanda kama vifaranga, akafunga mlango, akasimama nje na rungu lake. "Hawa nitakaa nao. Wewe enda. Na usikawie."

Nilikimbia! Mimi na mwili wangu huu, nilikimbia kama msichana. "Njoki!" Upande wa kulia nikajibiwa, "Kumi na sabaa!" Nikakata kona. "Njoki, uko wapi?" Kutoka mbele, "Kumi na sabaa!" Kisha nyuma yangu. Kila nilichouliza, jibu lilikuwa hilo hilo moja, bila kilio, bila baridi ndani yake. Mtoto aliyepotea huongea hivyo?

Nikamkuta. Alisimama katikati ya njia, amenipa mgongo, sare yetu, skafu yetu, kofia mkononi. Nilipiga kelele za furaha, sikufichi. Nikamsogelea nikasema, "Njoki, mwanangu, nipe mkono."

Huenda hujui jambo hili. Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto. Dunia nzima ni hivyo, na mimi watoto wangu nimewafundisha mpaka wanakosea na kumpa padri mkono wa kushoto kanisani. Njoki alikuwa na wiki nane za mkono wa kushoto. Yule mtoto bila kugeuka akanyoosha mkono nyuma kunipokea, na ulikuwa wa kulia.

Nikasimama. Ndipo nilipoona kwamba mvua yote ile haikuwa imelowesha shati lake. Na akili yangu, sijui nani aliiwasha, ikaniambia: hiki kitu sare kimeiona, lakini tangu asubuhi kimekuwa kikitusikiliza tu, hakikututazama tukisalimiana. Kinajua tunachosema, hakijui tunachofanya. Hesabu ina sauti. Kupeana mkono hakuna sauti.

Nikaurudisha mkono wangu mfukoni. "Wewe si wangu," nikasema.

Hakikugeuka. Halafu, wallahi, kikasema kwa sauti yangu mimi, na ukali wangu wote wa Jumamosi, "Hesabu!"

Lakini sikia ajabu hii: kilikuwa na mdomo mmoja tu. Kilipoita kwa sauti yangu, hakikubaki na cha kuitikia. Na katika kile kimya, kutoka mbali bondeni upande wa kushoto, sauti iliyokauka kwa kulia ikasema, "Kumi na saba... Tichaa, niko huku! Tichaa, naskia baridi!"

Maneno hayo hayakuwa ya hesabu. Nikageuka nikateremka lile bonde kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu. Sikutazama nyuma, na sijui kile kitu kilikwenda wapi.

Alikuwa amekaa kando ya mshale wa mawe tuliokuwa tumeupanga asubuhi, kwa sababu niliwafundisha kwamba ukipotea, baki penye alama ya mwisho uliyoiona. Nikanyoosha mkono bila kusema neno. Akanipa wa kushoto. Ulikuwa umelowa na baridi kama samaki, nami nilimkumbatia nikalia kama mtoto mdogo kuliko yeye.

Alikuwa amesimama kufunga kamba ya kiatu. Hicho tu. Nikamuuliza njiani, tukiwa tumeshikana, "Nilikuwa naita hesabu. Mbona hukuitika?"

"Niliskia nimeitika, Tichaa," akasema. "Nikadhani niko na nyinyi."

Chebet alitufungulia mlango, na wale kumi na sita wakapiga kelele zilizofika barabarani.

Nilimpeleka Njoki mpaka mlangoni kwa Cucu, na sikumficha kitu. Nilimwambia kwamba nilikwenda peke yangu, kwamba nilihesabu kwa masikio, na kwamba nusura nimletee mtoto asiye wake. Cucu alikuwa anamvua Njoki soksi. Hakunipigia kelele. "Ulikuwa unawahesabu kwa sauti? Huko msituni?" Nikaitika. "Hata mbuzi sisi hatukuwa tunahesabu hivyo," akasema. "Ukisema watoto wako ni wangapi, unaambia kila mtu ako na masikio." Akafunga mlango, nami nikaenda nyumbani nikijua nimempoteza yule mtoto kwa namna nyingine.

Jumamosi tatu Njoki hakuja. Ya nne akaja, skafu imepigwa pasi, na nyuma yake Cucu na mwavuli na viatu vya mpira. Akavuta kiti. "Si ulisema unakosa mtu wa nyuma?" akaniuliza. "Nimekuja." Hajakosa tangu siku hiyo, na nakuapia, hakuna mtoto anayethubutu kuchelewa mbele yake.

Siku hizi kikosi chetu hakina nambari. Tukiwa njiani nasimama, nageuka, napita mstari mzima nikimshika kila mtoto mkono wa kushoto, kimya. Tunachelewa, tunalowa, wazazi wananung'unika. Acha wanung'unike.

Njoki ni mzima, anacheka, anapanda miti. Kitu kimoja tu kimebaki. Ukimwita leo, haitiki papo hapo. Hutulia kwanza, kichwa kimeinama upande. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu bila huzuni yoyote, "Naskiza kwanza kama kuna mwingine mwenye ataitika."

Kwa hiyo wewe mwenye watoto, wako au wa watu, sikuombi uniamini. Nakuomba usiridhike na sauti iliyoitika gizani, kwenye ukungu au chumba cha pili. Inuka, nenda, mguse. Na ukimwita mtoto akachelewa kuitika, usimgombeze. Mwache asikilize kwanza.