Springi ya Kalamu kwenye Mlango wa Mjomba

Ipo siku moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani, ingawa mengi ya ujana wangu yamekwisha kufutika. Jana uliponiambia kwamba kioo cha gari lako hakipandi, na kwamba utaifungua swichi mwenyewe hapahapa nyumbani, nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Mama yako akadhani nimesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa barabara ya Mikumi, nauona mkono wa bibi yangu umebanwa na kioo.

Zilikuwa enzi za ruksa. Vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa majina tu vilianza kuingia madukani, na magari ya mtumba yakaanza kushushwa bandarini. Mjomba wangu Ramadhani, kaka yake mama, alikuwa akilima mpunga Kilangali. Baada ya misimu miwili mizuri alikwenda Dar, akarudi na gari dogo jeupe lenye vioo vya umeme. Watu walikuja kutazama kioo kinavyopanda bila kuzungushwa mkono. Bibi, yaani mama yake mjomba, alisema, "Hiki kioo kina adabu kuliko wajukuu zangu. Kinatumwa mara moja, kinakwenda."

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, natengeneza redio Kilosa mjini, mezani tu, barazani kwa watu. Redio nilizijua, sisemi uongo. Lakini kwa kuwa nilizijua redio, nilidhani kila chenye waya ni ndugu yangu.

Basi kioo cha nyuma, upande wa kushoto, kikaanza kugoma. Mjomba akaniita. "Mjomba, hiki kitu unakiweza?" Ndivyo tulivyoitana, yeye mjomba na mimi mjomba. Nikamjibu hata hajafunga mdomo: "Hiki? Mbona kidogo sana!"

Nilitandika mkeka uani kwake. Swichi ya mlango wa dereva ndiyo mama wa zote. Inaongoza vioo vyote vinne. Niliing'oa polepole kwa bisibisi, nikaichomoa kwenye soketi yake, nikafungua kifuniko. Ndani nikakuta vishaba, vile vipande vya shaba vinavyogusana kupitisha umeme, vimeingia weusi kama sufuria ya kuni. Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa, na nilivisugua kwa msasa laini mpaka vikang'aa. Mpaka hapo, mwanangu, hata fundi mkubwa asingefanya zaidi.

Ila nilikuwa nimekifungua kifuniko kwa pupa. Springi moja ya kurudishia kitufe, ndogo kama punje ya mchele, iliruka ikaangukia mchangani. Niliitafuta kwa magoti, nikachekecha mchanga kwa vidole, nikafukuza na kuku. Sikuiona. Mjomba akaniita kutoka ndani, "Vipi, imekubali?" Nikajibu, "Inakubali, mjomba!" Nikatoa kalamu yangu ya kubonyeza mfukoni, nikakata kipande cha springi yake, nikakipachika.

Kioo kikapanda, kikashuka. Mjomba akapiga makofi, akawaita majirani waje kumwona mpwa wake. Nami niliona wazi kwamba kitufe cha kioo kile kilirudi mahali pake kwa uzito, kama mtu aliyeitwa kazini hataki. Niliona, nikanyamaza. Shika hapo. Kosa la mkono lilikuwa dogo. Kosa la ulimi ndilo lililotupeleka hospitali.

Siku ya nne yake tukaanza safari ya Mikumi. Binti yake mjomba alikuwa amejifungua huko, na Bibi alitaka kumpakata kitukuu wake wa kwanza. Alivaa kanga mpya, akajipaka mafuta ya nazi, akakaa nyuma kushoto ili awaone watu. Mimi nilikaa mbele na mjomba. Njia nzima Bibi alinitania: "Mume wangu fundi, kwa nini kioo cha mke wako kinanguruma kuliko vya wengine?" Nikamwambia, "Kimekuzoea, mke wangu." Tukacheka wote. Wallahi, nilicheka na mimi.

Tulipofika maeneo ya Kisanga, ng'ombe walikuwa wakivuka barabara, kundi kubwa, vumbi limetanda. Mjomba akasimamisha gari bila kuzima injini. Mama mmoja wa wafugaji, ambaye zamani alikuwa akimletea Bibi maziwa, alimtambua, akaja dirishani. Bibi akatoa mkono nje kumsalimia. Wakashikana mikono, wakaanza kuulizana habari za watoto, mmoja baada ya mwingine, kama wafanyavyo wazee wasio na haraka.

Vumbi likaingia. Mjomba, kwa kumhurumia mama yake, akabonyeza swichi ili kioo chake kipande kidogo tu. Akaachia. Kitufe hakikurudi.

Kioo kikaendelea kupanda; Bibi akauvuta mkono ndani, vidole vikabanwa. Bibi alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mtu yeyote. Mjomba akakibonya kitufe kushoto, kulia, kimekwama. Nikaruka nikauzima ufunguo, umeme ukakatika, lakini kioo kilibaki palepale na vidole vya Bibi vimo. Nikatoka mbio. Mimi na yule mama wa ng'ombe tukakibana kioo kwa viganja pande zote mbili, tukakivuta chini kwa nguvu zetu zote, mpaka kikalegea.

Vidole viwili vilikuwa vimevunjika. Yule mama alichana pindo la shuka lake, akavifunga na kijiti, mikono yake imetulia kuliko yetu.

Mikumi hospitalini wakamfunga hogo, ile bandeji inayokauka ikawa ngumu kama ubao. Alipotulizwa maumivu, mjomba akanishika mkono tukatoka. Mwezi mmoja kabla ya hapo fundi mmoja wa pale Mikumi, aliyeitwa Gervas, alikuwa amemtengenezea kitasa cha mlango uleule wa dereva. Basi mjomba hakuwa na shaka: kazi yangu aliipigia makofi, kwa hiyo aliyeharibu ni yule. Alilisimamisha gari mbele ya gereji, katikati ya madereva wa malori waliokuwa wakipumzika njia ya Iringa, akashuka bila salamu.

"Wewe ndiye uliyefungua mlango wangu! Umemvunja mama yangu vidole! Nyinyi watu, muoneni huyu, msimpe magari yenu!"

Madereva wakasogea. Fundi Gervas alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipangusa mikono kwa kitambaa, akasema, "Pole sana kwa mama. Nikitazame hicho kitu kwanza?" Wengine walikuwa wameshaanza kunong'ona. Dereva mmoja alimwambia msaidizi wake wakachukue taa zao walizoacha pale zitengenezwe.

Mwanangu, nilisimama pale nikiyaona yote. Nilijiambia: nitasema baadaye, tukiwa wawili. Kumbe "baadaye" ni mlango usio na chumba.

Fundi akaing'oa swichi, akafungua kifuniko taratibu, kiganja kimekinga chini. Akaitoa ile springi yangu. Akaitazama, akainua macho, akanitazama mimi. Nadhani uso wangu ulikuwa umeshasema kila kitu. Alikuwa na haki ya kuinyanyua juu watu wote waione. Hakuinyanyua. Alifumba kiganja, akasema kwa sauti ya chini, "Aliyeifungua hii ana mkono mzuri. Vishaba amevisafisha vizuri sana. Ila alipungukiwa kitu kimoja, akaona haya kusema. Namwachia nafasi aseme."

Ingekuwa amenitukana, labda ningebisha. Upole wake ndio ulionivunja. "Ni mimi, mjomba," nikasema. "Springi ilinipotea. Niliweka ya kalamu. Nilijua hairudi vizuri."

Mjomba alinigeukia. Nilisubiri kofi. Badala yake akaketi kwenye tairi kuukuu, akashika kichwa. "Ungeniambia tu 'sijui', mjomba," akasema. "Kioo kingekaa wazi. Tungekula vumbi. Basi." Kisha akasimama, akamgeukia fundi mbele ya walewale aliowaita, akamwomba radhi kwa sauti ileile aliyomtukania. Hilo nalo nililishika. Wengi wetu hutukana barazani, tukaomba radhi uchochoroni.

Nilikwenda kwa Bibi nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikamweleza yote, nalia kama mtoto. Akaniwekea mkono mzima kichwani. "Mume wangu," akasema, "mficha uchi hazai. Ulikuwa unataka niolewe na fundi asiyekosea? Huyo hayupo. Mimi namtaka anayesema. Haya, futa kamasi, kaniletee huyo mtoto nimpakate kwa mkono mmoja."

Nikamletea. Akampakata. Vidole vile vilipona, lakini kimoja kilipinda mpaka anaingia kaburini, na hakuwahi kunisimanga hata siku moja. Mimi nilirudi kwa Fundi Gervas nikakaa naye miaka miwili. Alinipokea kwa neno moja: "Karibu, msema kweli."

Sasa nisikilize, mwanangu. Sikukatazi kufungua hiyo swichi. Ondoa kwanza waya wa betri. Tandika kitambaa cheupe, si mchanga. Fungua kifuniko taratibu, kiganja kikikinga, na usugue vishaba kwa upole. Ikikushinda, au ikipotea punje moja, usiipachikie uongo. Njoo uniambie, au mwambie mwenye kujua, au mwambie mkeo kwamba hutaki akae upande ule. Kuuliza si ujinga, na "sijui" haijamvunja mtu kidole. Na ukishakosea, sema mapema, sema palepale mwenzio anapobeba lawama yako, maana kila unavyochelewa ndivyo neno linavyokuwa zito mdomoni. Na siku mwingine atakapokosa mbele yako, ukawa umeshika ushahidi wake kiganjani, mwachie nafasi aseme mwenyewe. Huenda ukapata mtu, kama Fundi Gervas alivyonipata mimi.

Mola akupe mikono mitulivu na ulimi usioogopa kweli. Akuepushe na sifa usizozifanyia kazi. Nyumba yako ijae watu wanaokupenda hata wakijua ulipokosea. Amina, mwanangu.