Ng'ombe wa Mayu Limi Katika Daftari

Mwalimu Valerian Bujiku alikuwa na mwandiko ambao hata wazazi wasiojua kusoma walipenda kuutazama. Kwa ajili ya mwandiko huo, mwaka 1951, kijana wa Kiingereza aitwaye Bwana Rodwell alifika Mwanhelele, karibu na Isaka, akamwomba aache kufundisha kwa mwaka mmoja ili awe mkalimani wake. Bwana Rodwell alikuwa akitafuta shahada ya udaktari katika elimu ya jamii. Alichagua kuandika juu ya kubilisa, desturi ya Wasukuma ya kuweka ng'ombe kwa marafiki wa mbali, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize mali yote.

"Daktari gani huyu asiye na sindano?" aliuliza Mzee Maganga, jirani wa Valerian.

"Huyu anasoma maisha ya watu, baba."

"Basi anisome meno. Yananiuma tangu juzi."

Watu walicheka, lakini hawakusema ng'ombe wao walipo. Siku hizo kila boma lililazimishwa na serikali kuuza sehemu ya mifugo yake kila mwaka, eti nchi imeliwa na kwato. Bwana Mifugo alihesabu wale tu aliowaona zizini, na mwenye wawili hakuguswa.

Limi, mjane, alikuwa na wawili zizini. Wengine watano walikuwa kwa marafiki. Ndiye aliyemlea Valerian mama yake alipofariki, na Valerian alimwita Mayu, yaani mama. Asubuhi moja alikwenda kwake kuuliza habari za hao watano.

"Mwangaluka, Mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Mgeni wako umemficha wapi?"

"Nimekuja peke yangu. Jina lako halitaandikwa, Mayu. Utakuwa namba kumi na saba."

"Na ng'ombe wangu nao wana namba?"

"Hawana. Ninayekuahidi ni mimi, si yeye."

"Kwa kuwa ni wewe," alisema Limi, akamtajia wote watano, mmoja mmoja, na nyumba walizolala. Alimalizia na mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, aliyekuwa na maziwa mengi kuliko wote. Majirani waliposikia Limi amesema, nao wakasema.

Mwezi wa mwisho Bwana Rodwell alimwambia Valerian, "Walimu wangu wanaweza kudhani watu hawa nimewatunga. Niandikie orodha moja: namba, jina, ng'ombe na walipo. Itakaa sandukuni mwangu."

Valerian alisita siku mbili. Hata hivyo, vikaratasi vyake vya kumbukumbu, vilivyochanganyika, vilikuwa vikimkera kama kazi ya mwanafunzi mvivu. Akachukua daftari jipya, akapiga mistari kwa wino mwekundu, akanakili majina na ng'ombe wote bila kosa. Bwana Rodwell alilisifu sana. Alipopanda treni Isaka alimshika mkono, akasema, "Kitabu kikitoka, jina lako litakuwa mwanzoni."

Kiangazi kilichofuata karani wa Bwana Mifugo alikuja Mwanhelele. Hakwenda zizi lolote. Alikaa kwenye kigoda, akafungua daftari, na Valerian akaiona mistari yake myekundu tangu mbali.

"Limi, mjane," karani alisoma. "Wawili zizini, watano nje."

Limi alimtazama karani, kisha akamtazama Valerian. Wawili kati ya ng'ombe wake saba walipelekwa mnadani Isaka, na yule mwekundu alikuwa mmoja wao.

Valerian alimwandikia Bwana Rodwell barua Ulaya. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano: "Ofisi ya Bwana Mifugo ilinipa gari na petroli mwaka mzima. Nisingeweza kuwanyima kitu kidogo kama daftari. Utafurahi kusikia kwamba nimefaulu."

Wazee hawakumshtaki Valerian. Walimnyima moto tu. Mkewe, Paskalia, alipopita na kigae cha chungu kuomba makaa, kila nyumba ilimwambia jiko limezimika, na moshi anauona juu ya paa.

"Leo tena wote wamezima," alikuwa akimwambia mumewe, akiweka kigae chini. Hakumlaumu, na hilo lilimuuma Valerian zaidi.

Mwaka 1954 kitabu kilifika kwa posta. Kijiji kilikuwa kimepewa jina jingine, na watu wote walikuwa namba. Katika shukrani, maofisa walitajwa kwa majina na vyeo. Mwishoni kabisa liliandikwa neno moja: mkalimani.

Valerian alikwenda kwa Limi, kitabu mkono mmoja, kigae mkono wa pili. Alimkuta akipepeta mtama karibu na jiko lililokuwa likiwaka.

"Mayu, tazama. Jina lako halimo. Nilikuambia kweli."

"Na yule mwekundu, yumo?"

Valerian alifunua kurasa, akaona baka jeupe limeelezwa vizuri sana, kama Limi alivyoeleza.

"Yumo, Mayu."

"Basi kamkamue humo," alisema Limi, akaendelea kupepeta, na makapi yakadondoka ndani ya kigae.