Kiatu cha Baba Kilienda Bunda

Enzi zetu kiatu hakikuwa na akili. Mwenye akili alikuwa anayekivaa, na kama hana, mwiba ulimfundisha. Nasema haya kwa sababu nimechoka, nimechoka kabisa, na mdogo wangu Magesa, ambaye ana duka la viatu vya michezo Musoma mjini. Kila nikitoka kwangu Kigera kwenda kumsalimia, hunishikisha kiatu kipya na kunihubiria. Hiki soli yake ni povu linalokurudishia nguvu ukikanyaga. Hiki hakina kamba, unazungusha kitufe kinabana chenyewe. Hiki kinapumua. Kinapumua! Mimi nimelelewa Butiama, nimetembea kwa miguu hadi Suguti na kurudi, na kilichokuwa kikipumua safari zote hizo kilikuwa kifua changu.

Tuliokua pamoja mnazikumbuka katambuga. Tairi lililochakaa likifika nyumbani, watoto wote tulilizunguka kama tunasubiri mnofu. Baba aliketi kwenye kigoda, kisu kikiwa kwenye bakuli la maji, maana mpira mkavu haukatiki, unang'ang'ania kisu. Tulikanyaga juu ya tairi mmoja mmoja, naye akatuchora kwa kipande cha chaki tulichokiokota darasani, kisha akaongeza ukingo mpana kila upande. "Mguu wa mtoto hauna subira," alikuwa akisema. Ndiyo maana hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvaa katambuga iliyomtosha. Ilipokutosha ilikuwa zamu ya mdogo wako. Mikanda ilikatwa kwenye tyubu na kugongomelewa misumari midogo. Wiki ya kwanza ilikuwa inang'ata nyama, mpaka Mama aipake samli, na ukikaa juani miguu yako yote ilinuka gereji.

Na zile kelele zake! Asubuhi kwenye mchakamchaka shule nzima ilikwenda kwapu, kwapu, kwapu, mwalimu wa zamu mbele na raba zake, sisi nyuma tukila vumbi na kuimba. Masika tope lilinyonya katambuga moja, ukaendelea na iliyobaki, ukarudi jioni kuichimbua kama kiazi. Viatu vyenyewe, vile vya kufunga kamba, vilikuwa vya Jumapili. Tulivibeba mkononi njia nzima, tukanawa miguu karibu na kanisa, ndipo tukavivaa. "Njia ni ya miguu, viatu ni vya padri," alitwambia Mama, na ole wako akukute umevivaa kabla ya kulifikia geti.

Sasa ngoja niwaambie jambo ambalo Magesa amelisahau, na ndilo limenifanya nishike kalamu.

Ng'ombe wetu walikuwa na alama masikioni. Kila nyumba ilikuwa na mkato wake, hivyo hata wakichanganyika lamboni hakuna aliyegombana. Baba aliichukua desturi hiyo ya masikio akaishusha miguuni mwetu. Akishamaliza kukata katambuga, alitia pengo dogo kwenye ukingo wa soli. Kaka yetu mkubwa alikuwa na lake mbele, kwenye kidole gumba. Mimi nilikuwa na langu kisiginoni, upande wa ndani. Magesa, kitinda mimba, kisiginoni upande wa nje. "Ng'ombe nawajua, nyie nisiwajue?" Basi kila alasiri alitembea mikono nyuma, anaisoma njia. Alijua nani alikwenda kisimani na nani alipitia lamboni kuogelea. Kubisha hakukusaidia, ushahidi umelala chini.

Siku moja mimi na Magesa tulibadilishana katambuga ili tumchanganye. Baba aliinama, akatazama, akacheka mpaka akakohoa. "Pengo la Nyangeta, lakini mguu unaburuta. Magesa, njoo hapa." Tulichapwa wote wawili, Magesa kwa kuogelea na mimi kwa ubunifu. Nadhani ndiye aliyeichukua ile hamu ya ubunifu akakua nayo.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile niliyotoroka palizi. Nilikuwa nimechoka na jembe, na nilijua kwa bibi yangu, mama yake Mama, kule Suguti, hakukosekani sato na michembe ya viazi vitamu. Nikaondoka bila kuaga. Nilikuwa jikoni kwa bibi, kipande cha samaki mkononi, mlango ukawa giza. Baba huyo. Alikuwa amefuata kisigino changu toka shambani hadi jikoni. Hakunipiga. Alikaribishwa, akala, akanawa, kisha akaniambia, "Haya mama, tangulia." Aliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake mzazi. Nikatangulia, yeye nyuma. Kila nilipogeuka nilimwona anatembea pembeni ya nyayo zangu, si juu yake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nikizikanyaga, kesho nitakutafuta kwa kitu gani?"

Vijana wa leo wanavaa viatu vya kupandia milima, na mlima wenyewe hawajapanda. Mpangaji wangu mmoja ana jozi isiyopitisha maji, yenye meno kama ya trekta, na mvua ikinyunya anaita bodaboda ili isichafuke. Mwingine ana raba za mbio ndefu. Akifukuzwa na mbwa anapanda ukuta. Nikisema, naambiwa mama mwenye nyumba anazeeka vibaya. Sawa, nazeeka vibaya.

Baba naye amezeeka, na siku hizi akili yake inaingia na kutoka. Mama ametutangulia. Baba anaishi pale pale Butiama na mke wa kaka yetu, wifi yangu Bhoke, mwanamke mwenye moyo ambao mimi sina. Tatizo la Baba ni kuondoka. Anakunywa uji, anasema anakwenda kutazama ng'ombe, na ng'ombe tuliwauza zamani. Wakati mmoja alilala nje kwenye mvua tukamkuta kwenye korongo, midomo imekauka, hajui jina lake. Daktari alituambia waziwazi kwamba usiku mwingine wa namna ile hatauvuka. Tangu hapo simu ya Bhoke ikiita, moyo wangu unaanguka kabla sijapokea.

Ndipo Magesa akaleta dawa. Alifika Butiama na boksi, ndani yake viatu vya rangi ya chungwa, vile vya kutembelea porini, vyepesi kama mkate. Chini ya soli ameweka kidude kinachozungumza na simu. Baba akienda popote, simu inamwonyesha.

"Dada, enzi zenu zile zimepitaga," aliniambia. "Na hivi, Baba hata akienda Nairobi tunamwona."

"Na katambuga zake?"

"Nimezitupa. Angekuwa anazivaaga tu zile."

Katambuga za Baba, alizozikata mwenyewe kwa mkono wake wakati mkono ulipokuwa na nguvu! Kazitupa chooni, ili zisiokotwe. Baba alivitazama vile viatu muda mrefu.

"Hivi vya nani?"

"Vyako, Baba."

"Mimi nimekuwa mcheza mpira lini?"

Lakini alivaa, kwa sababu mzee wetu siku hizi hubisha mara moja tu.

Haukupita muda Bhoke akapiga simu asubuhi. "Wifi, Baba hayupo. Alikunywaga uji vizuri tu, nimeenda kuchota maji, nimerudi hayupo." Nikamkimbilia Magesa dukani. Alikuwa ametulia kama bwana harusi. Akafungua simu, nikaona kidoti kinatembea kwenye barabara kuu, kinaelekea Bunda. Tukaingia kwenye gari. Tulipofika Makutano nilimwambia akate kona twende Butiama kwanza.

"Dada, kiatu hakidanganyagi."

"Mzee asiyefika kisimani bila kupumzika, anakwenda Bunda kwa kasi hiyo?"

"Amepanda gari."

Ilikuwa inawezekana. Nikashika rozari, na njia yote nilikuwa namwona Baba ameteremshwa kwenye stendi asiyoijua, anamuuliza kila mtu ng'ombe wake wako wapi.

Kidoti kilisimama mnadani. Tulipita katikati ya ng'ombe na mbuzi na vumbi, tukaviona, rangi ya chungwa haijifichi. Vilikuwa miguuni mwa mswagaji mmoja, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, anashusha ng'ombe kwenye lori. Magesa akamkamata ukosi. "Mwizi! Mzee umemfanya nini?" Jamani, neno hilo mnadani! Watu waliacha bei zao wakageuka, na mmoja tayari alikuwa ameinua fimbo. Nikajitupa katikati nikapiga kelele kwamba hakuna mwizi, huyu mdogo wangu ana wazimu wa viatu.

"Mama, mimi siyo mwizi," yule mtu alisema, macho kwenye ile fimbo. "Nilikuwa naswaga ng'ombe kupeleka kwenye lori pale Butiama madukani, mzee mwenyewe ndiyo alinisimamisha. Alisema hivi viatu vinamfanya asiisikie ardhi. Akaomba tubadilishane na katambuga zangu. Nikamwambia, baba, hizi zimechakaa. Akasema ndizo anazozitaka. Aliongea vizuri, nikajua ni mtu wa akili zake."

"Alikuwa anaelekea wapi?"

"Alisema anamfuata mtoto wake. Eti ametoroka palizi."

Nikashika pembe ya ng'ombe wa watu nisianguke. Nikamuuliza katambuga zake zina alama gani chini. Hakushangaa hata kidogo. Swali hilo mfugaji hulielewa. Akachuchumaa akachora kwenye vumbi. "Hii ya kulia imepasuka kisigino, nilishonaga kwa waya, waya unachora hivi." Magesa alikuwa bado ameinamia simu, na simu ilikuwa inamwambia kwamba Baba yuko hapo hapo, amesimama mbele yetu.

Tulirudi. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama tulipofika Butiama. Vijana walikuwa wamezunguka na pikipiki tangu asubuhi wanaita, "Babu! Babu!" Karibu na maduka ardhi yote ilikuwa imejaa soli za kisasa, maua, nyota, mawimbi, kila mtu amekanyaga na hakuna aliyeandika jina lake. Nililia kwa hasira. Nikaachana na maduka, nikashika njia ya zamani ya Suguti, ile inayopita nyuma ya mashamba ya mihogo. Nyumba zilipoisha, maua na nyota navyo viliisha. Na hapo, kwenye vumbi laini, nikaona kisigino cha kulia chenye mchoro wa waya.

Nilikwenda nimeinama. Mara mbili nilikipoteza kwenye mawe, nikazunguka mpaka nikakipata tena. Magesa alikuwa ananifuata, nikamkemea, "Tembea pembeni! Usikanyage!" Sauti iliyotoka kinywani mwangu haikuwa yangu, ilikuwa ya mzee.

Tulimkuta mahali njia inapogawanyika, kwenye kivuko cha ng'ombe. Amesimama, mikono nyuma, anatazama chini. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini na midomo imepasuka, lakini alikuwa amesimama. Nikamwashiria Magesa abaki nyuma.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Umetoka huko?"

"Ndiyo."

"Hujaonana na mtoto wangu? Wa kike. Katambuga yake ina pengo kisiginoni, upande wa ndani. Nimemfuata vizuri, hapa ng'ombe wamemkanyaga, nimempoteza." Akalitazama jua. "Giza linaingia na ni mdogo."

Alinitazama usoni kabisa na hakunijua. Nilitaka kumwambia ni mimi, Baba, mtoto mwenyewe ni mimi. Lakini aliyekuwa anamtafuta hakuwa na mvi.

"Nimeonana naye," nikasema. "Amesharudi nyumbani."

"Amekula?"

"Amekula. Sato, kwa bibi yake."

Akashusha pumzi, mabega yakalegea, akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. "Anapenda samaki yule! Basi haya, mama, tangulia."

Nilikuwa nimevaa raba alizonipa Magesa, zile za soli ya povu. Nilizivua nikazibeba mkononi kama viatu vya Jumapili, nikatangulia na miguu yangu mitupu. Mawe yaliniuma, na nilifurahi yaliponiuma. Nikasikia nyuma yangu, kwapu, kwapu, kwapu. Nilipogeuka, Baba alikuwa anatembea pembeni ya nyayo zangu.

Magesa sasa anatafuta tairi. Anasema ya siku hizi yamejaa nyaya za chuma, kisu hakipiti. Namwambia hayo ndiyo maendeleo, avumilie. Mpaka lipatikane, Baba anavaa zile zilizochakaa za mswagaji, na viatu vya rangi ya chungwa vimebaki na yule bwana, tulimwachia kwa aibu. Simu bado inavionyesha. Jana vilikuwa mnadani.

Enzi zetu mtoto alipotea jioni moja na mzazi akajua pa kuanzia. Leo mzazi ndiye anayepotea, kidogo kidogo, mahali ambapo hakuna nyayo, na hilo hakuna kiatu kitakachonionyesha. Nikifika Butiama, kabla sijapiga hodi, natazama kwanza chini.