Orrin Teague Asiyejua Kujitoa

Orrin Teague alianza kulipwa kwa kucheza besiboli enzi zile watu wengi waliona ni aibu mtu mwenye ndevu kula kwa mchezo. Alizunguka na timu ndogondogo za Illinois na Iowa, leo mji huu, kesho ule, na kila alikofika alipendwa kwa jambo moja: gongo lake likiupata mpira, mpira ulivuka ua, ukaenda kutafutwa kwenye mabanda ya nguruwe. Ila hakukaa. Akishauzoea uwanja, viganja vilianza kumwasha, na mkewe Lottie alijua ni wakati wa kufunga mizigo.

Walipofika Keokuk, ule mji wa mtoni, Lottie akapata kazi kwa mama mmoja mshona kofia, akapanda na vitunguu nyuma ya nyumba.

"Orrin, tangu unioe sijala kitunguu nilichokipanda mwenyewe," alimwambia. "Mimi hapa nakaa. Ukiondoka tena, sikufuati."

"Nani kasema tunaondoka?"

"Miguu yako. Unalala inapiga mateke shuka."

Nahodha wa timu, Amos Pruitt, mdakaji wa zamani mwenye vidole vilivyopindapinda kwa kuvunjika, alipenda mchezo wa hesabu. Wacheza besiboli wana pigo lao moja ambalo mpigaji haupigi mpira kwa nguvu. Anaugusa tu udondoke karibu, yeye mwenyewe atolewe, lakini mwenzake aliye kwenye kimoja cha vituo vya kuzungukia uwanja apate mwanya wa kusogea mbele. Wanaliita kujitoa. Orrin alilichukia kama uji uliopoa. Mara mbili Pruitt alimpa ishara ajitoe, na mara zote mbili alizungusha gongo kwa nguvu zake zote, akaupiga upepo.

"Ukirudia, unapanda treni," Pruitt akamwambia. "Sikutanii, bwana."

Siku waliyocheza na timu ya Ottumwa, Keokuk walikuwa nyuma kwa pointi moja, tena zamu ya mwisho. Mwenzao mmoja alishafika kituo cha kwanza. Orrin akaingia na gongo lake. Mdakaji wa Ottumwa, jitu nene linalotafuna tumbaku, likamchekea pale chini nyuma yake lilipochuchumaa.

"Teague! Bado upo? Nilijua umehama tangu asubuhi."

"Hizo dua zako."

"Na begi umeliacha wapi, stesheni?"

"Kwa mama yako. Analifua."

Jukwaani watu walikuwa wanapiga kelele, "Upeleke mtoni, Orrin! Mtoni!" Pembeni, Pruitt akavuta sikio lake. Ishara ya kujitoa. Orrin aliiona vizuri sana. Akamwona na Lottie, kakaa upande wa akina mama, kaukamata mwavuli kwa mikono miwili.

Akashusha gongo kama mtu anayetaka kutii. Mpira wa kwanza ulikuja chini, akauacha. Pruitt akavuta sikio tena, nusura aling'oe. Mpira uliofuata ukaja umenyooka, umenona kama boga. Viganja vikawasha.

Aliupiga. Ukavuka ua, ukavuka mabanda ya nguruwe, ukaenda majini. Mwenzake akaingia nyumbani, kituo cha mwisho kinacholeta pointi, naye akaingia nyuma yake, pointi mbili, Keokuk wakashinda, na watu wakambeba mabegani mpaka getini. Pale getini alisimama Pruitt.

"Tumeshinda, nahodha!"

"Tumeshinda. Nilikwambia ujitoe, hukujitoa. Basi nakutoa mimi."

"Unanifukuza kwa kushinda?"

"Kwa ajili ya kesho. Kesho nikivuta sikio, nani atanitazama?"

Nyumbani, Lottie hakuwa na hasira. "Nilipiga makofi kama kichaa," alisema. "Halafu nikamwona Pruitt uso wake."

"Timu ya Galesburg inanitaka. Tutaondoka keshokutwa..."

"Utaondoka."

Orrin akazunguka chumbani, mara mlangoni, mara dirishani. Angeweza kusema anaacha mchezo; kwenye ghala la barafu kazi haikukosekana. Akachukua begi.

Huko Galesburg alipiga mipira mikubwa, akagombana na nahodha, akahamia Quincy, nako vilevile. Oktoba msimu ulipokwisha alirudi Keokuk, akabisha hodi kama mgeni. Lottie alifungua, akalitazama begi kabla ya kumtazama usoni.

"Unakaa mpaka lini?"

"Mpaka theluji iyeyuke."

"Haya, futa viatu uingie."

Wakaishi hivyo miaka mingi, wakati wa baridi Lottie ana mume, wakati wa joto ana kadi zake za posta.